Harry Thuku na Kabati la Vipande

Barabara ya Harry Thuku jijini Nairobi inapita kando ya Chuo Kikuu na mbele ya hoteli ya Norfolk, si mbali na Kituo Kikuu cha Polisi. Wanafunzi huikanyaga asubuhi na jioni. Wengi wao wakiulizwa Harry Thuku alikuwa nani, watajibu kwamba alikuwa mwanasiasa wa kale aliyekamatwa mwaka 1922, na watu wakapigwa risasi walipodai aachiliwe. Jibu hilo ni sahihi, ila ni nusu ya habari, maana halisemi mtu huyo alikuwa akipinga nini. Miongoni mwa mambo aliyoyapinga, kubwa lilikuwa kipande. Nacho kipande hakikuwa karatasi ya kuvaliwa shingoni tu. Kilikuwa upande mmoja wa mtambo mkubwa wa kutafutia watu, ambao upande wake wa pili ulikaa kabatini katika afisi ya serikali Nairobi. Mwajiri aliuliza, kabati likajibu, na mtu akapatikana. Siku hizi, ambapo afisi nyingi zina programu ya tarakilishi inayomtafuta mfanyakazi kwa jina, kwa cheo au kwa kazi aliyowahi kuifanya, maisha ya Thuku yanastahili kusomwa upya kwa jicho hilo.

Thuku alizaliwa mwaka 1895 huko Kambui, wilaya ya Kiambu, katika mbari ya Gathirimu, mojawapo ya mbari zenye sifa katika sehemu hiyo. Kambui palikuwa na kituo cha wamisionari Wamarekani wa Gospel Missionary Society, waliosimamiwa na William Knapp na mkewe. Hapo ndipo kijana huyu alipojifunza kusoma na kuandika, na hapo ndipo alipopata jina la Harry. Baada ya miaka minne ya masomo alishuka Nairobi kutafuta riziki, kama walivyofanya vijana wengi wa kizazi chake. Mji wenyewe ulikuwa bado mchanga. Reli ilikuwa imefika hapo mwaka 1899 tu.

Kazi zake mbili za mjini zinafaa kutazamwa kwa makini. Ya kwanza ilikuwa ya kupanga chapa katika gazeti la Leader, lililokuwa la walowezi. Katika siku hizo herufi zilikuwa vipande vya madini vilivyowekwa katika trei yenye vijumba vingi, kila herufi kijumba chake. Mpangaji chapa hana budi kujua a hukaa wapi na k hukaa wapi, mkono uende wenyewe bila jicho kuuongoza, kisha baada ya kuchapa airudishe kila herufi mahali pake, la sivyo kesho yake hataipata. Kazi hiyo ilimpa Thuku ustadi wa kusoma Kiingereza, na pia fursa ambayo Waafrika wachache waliipata: aliyasoma maoni ya walowezi kuhusu ardhi, mishahara na vibarua kabla hayajawafikia wasomaji waliokusudiwa.

Ya pili aliishika mwaka 1918, alipoajiriwa kuwa karani wa simu katika afisi ya Hazina ya serikali. Karani wa namna hiyo hukaa katikati ya watu wanaotafutana. Sauti moja yataka kusema na fulani, naye lazima ajue fulani yuko waya upi. Kwa Mwafrika wa wakati ule hicho kilikuwa cheo cha kuonewa wivu, kilicholeta mshahara wa uhakika na marafiki wengi, wakiwemo Wahindi waliofanya kazi katika afisi za serikali na katika biashara mjini.

Wakati Thuku akiishika kazi hiyo ya Hazina, serikali ilikuwa ikijiandaa kutekeleza sheria iliyopitishwa mwaka 1915 na kucheleweshwa na Vita vya Kwanza vya Dunia. Sheria hiyo ya kuwasajili wenyeji ilianza kufanya kazi mwishoni mwa mwaka 1919. Iliamuru kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza miaka 16 asajiliwe, atiwe alama za vidole, apewe nambari na cheti, na atembee nacho popote aendapo nje ya eneo la kwao. Cheti kilikunjwa na kutiwa katika kikebe cha bati chenye kamba, kikaning'inizwa shingoni. Wazee wa Kikuyu walikifananisha na kengele afungwayo mbuzi, na katika mfano huo hapakuwa na utani. Mbuzi hufungwa kengele ili mwenyewe amsikie alipo.

Tuchukue mfano wa mtu wa Waithaka, sehemu ya Dagoretti ambayo wakati huo ilikuwa ndani ya hifadhi ya Wakikuyu na ambayo haikuingizwa katika mipaka ya jiji la Nairobi hadi miaka ya 1960. Kutoka Waithaka, Mutuini, Ruthimitu au Riruta mtu aliweza kutembea kwa miguu hadi mjini akafika kazini, na jioni akarudi kwake. Kipande chake kilionyesha jina, nambari, wilaya, kabila, chifu wake na alama ya kidole. Chini ya hayo palikuwa na nafasi za mwajiri: jina lake, tarehe ya kumwajiri mtu huyo, aina ya kazi, mshahara, tarehe ya kumwachisha na sahihi. Sahihi hiyo ya mwisho ndiyo iliyokuwa kufuli. Mwajiri asipoitia, mfanyakazi hakuweza kuajiriwa na mwingine kihalali. Akiondoka bila sahihi, alihesabiwa mtoro, na utoro ulikuwa kosa la jinai lenye faini au kifungo. Tena mshahara ulioandikwa pale ulimfuata kila aendako. Mwajiri mpya aliusoma, akaona huyu alilipwa kiasi gani kule, asione sababu ya kumzidishia.

Sasa mlowezi wa Limuru au Ruiru aliyetorokwa na kibarua angempataje miongoni mwa maelfu ya watu? Jina lisingemsaidia sana. Kwa desturi ya Wakikuyu mwana wa kwanza wa kiume huitwa kwa jina la babu mzaa baba na wa pili kwa jina la babu mzaa mama, kwa hiyo majina yaleyale huzunguka vizazi na vizazi. Ukimwita Kamau au Njoroge sokoni Dagoretti wataitika wengi. Mtu huyohuyo angeweza kujitambulisha kwa jina la baba leo, kwa jina la ubatizo kesho, na kwa lakabu ya rika lake kesho kutwa, na karani asiyejua Kikuyu akaliandika kila moja kwa tahajia yake. Historia ya Thuku yenyewe ina mfano wake. Mbari yake iliitwa ya Gathirimu, na chifu mkuu wa Dagoretti aliyekuwa miongoni mwa wapinzani wake wakubwa aliitwa Kinyanjui wa Gathirimu. Atafutaye kwa neno Gathirimu peke yake atawaweka mahasimu hao wawili katika faili moja.

Hii ndiyo sababu serikali haikutegemea jina. Ilitegemea nambari na vidole. Utaratibu wa kuainisha alama za vidole uliotumika katika himaya ya Uingereza ulibuniwa Calcutta katika miaka ya 1890, na ingawa una jina la Edward Henry, aliyekuwa mkuu wa polisi wa Bengal, hesabu zake zilifanywa hasa na wasaidizi wake wawili wa Kihindi, Azizul Haque na Hem Chandra Bose. Vidole kumi hugawanywa jozi tano. Kila jozi ina thamani yake: 16, 8, 4, 2 na 1. Kidole chenye mchoro wa mviringo huhesabiwa, kisicho nao huachwa. Jumla zinazopatikana hugawa watu wote duniani katika mafungu 1,024. Karani mwenye karatasi ya vidole mkononi hakuhitaji kupekua kabati zima. Alipiga hesabu, akaenda kwenye kijumba kimoja, akalinganisha karatasi chache zilizomo. Hiyo ni faharasa hasa, iliyofanya kazi kwa kanuni ileile ya trei ya mpangaji chapa: kila kitu na kijumba chake, mkono uende wenyewe.

Kanuni hiyo haijabadilika sana. Programu ya afisi inayotafuta nyaraka na watu haisomi kila waraka unapouliza. Huwa imekwisha kutengeneza faharasa mapema, kila neno likionyesha nyaraka zinamopatikana na kila jina likionyesha mtu na kazi zake. Mwaka 1972 mtafiti wa Cambridge, Karen Spärck Jones, alieleza jambo ambalo mitambo ya kutafutia imelifuata tangu hapo: neno linalopatikana katika nyaraka nyingi lina uzito mdogo, na neno adimu lina uzito mkubwa. Jina Kamau katika daftari la Dagoretti ni jepesi. Nambari ya kipande ni nzito kuliko yote kwa sababu haimhusu mwingine. Kwa wanaosoma Kiswahili kuna kikwazo kingine pia. Anayeandika sajili akitumai kupata msajili, usajili, waliosajiliwa na kujisajili atatoka mikono mitupu iwapo programu haijafundishwa mofolojia yetu, kwani mtambo uliozoea lugha ambazo maneno hubadilika mwishoni hugonga ukuta unapokutana na viambishi awali.

Hata hivyo, ugumu mkubwa wa kipande haukuwa wa maneno wala wa hesabu. Ulikuwa katika swali la nani anaruhusiwa kuuliza. Katika programu nzuri ya kazini kila mtu, mkubwa kwa mdogo, anaweza kuuliza, na majibu huchujwa kulingana na anachoruhusiwa kuona. Katika kabati la Nairobi swali lilitoka upande mmoja. Mwajiri aliweza kuuliza kibarua yuko wapi. Kibarua hakuwa na mahali pa kuuliza mwajiri gani hulipa kwa wakati, nani hupiga watu, shamba lipi halina chakula. Maisha yake ya kazi yalikuwa yameandikwa kwenye karatasi iliyogusa kifua chake, naye mara nyingi hakuweza kuisoma, na hata akiweza, hakuwa na haki ya kuisahihisha. Kufikia mwaka 1931 vipande zaidi ya milioni moja vilikuwa vimetolewa.

Mwaka 1921 mambo yalifika ukingoni. Koloni lilikuwa limebadili fedha kutoka rupia hadi shilingi na bei za mazao zilikuwa zimeanguka. Kodi ya kibanda ilikuwa imepandishwa hadi rupia 8, yaani shilingi 16. Walowezi wakaazimia kupunguza mishahara ya Waafrika kwa thuluthi moja. Mfanyakazi asingeweza kukwepa punguzo hilo kwa kuhamia shamba jingine, maana kipande kilikuwa kimemfunga. Kwa hiyo mambo matatu, kodi, mshahara na kipande, yalishikana kama mafiga.

Mnamo Juni mwaka huo Thuku na wenzake wa mjini walianzisha Young Kikuyu Association. Tarehe 24 Juni palifanyika mkutano Dagoretti baina ya Kikuyu Association, chama cha machifu na wazee, na maafisa wa serikali pamoja na wamisionari. Palizungumzwa ardhi, kazi za kulazimishwa, hasa za wasichana, mishahara na kipande. Thuku alihudhuria. Kwa machifu kama Koinange wa Mbiyu, na kwa wenzao waliojua kusoma kama Josiah Njonjo, njia ya haki ilikuwa kumfikishia malalamiko afisa wa wilaya, naye ampelekee mkubwa wake, ngazi kwa ngazi. Thuku, aliyekuwa ameshinda kutwa kucha akiunganisha waya, aliona kwamba ujumbe upitao mikono mingi hufika umebadilika au haufiki kabisa.

Siku chache baadaye chama kilibadilishwa jina kikawa East African Association. Badiliko hilo halikuwa la jina tu. Nairobi ilikuwa na Wakamba, Wajaluo, Waswahili, Waganda na watu wa Nyasa, na wote hao walivaa kikebe kilekile au walikuwa na ndugu wanaokivaa. Katibu alikuwa Abdulla Tairara. Lugha ya mikutano ikawa Kiswahili, si kwa kupenda tu bali kwa kuwa hapakuwa na lugha nyingine iliyoweza kuwakutanisha watu hao. Kwa msaada wa M. A. Desai, mhariri wa gazeti la Wahindi lililoitwa East African Chronicle, ambaye alimpa Thuku nafasi katika afisi yake pamoja na matumizi ya mtambo wa chapa, ilitoka karatasi ya Kiswahili iliyoitwa Tangazo. Mpangaji chapa wa zamani wa Leader sasa alikuwa akipanga maneno yake mwenyewe.

Mwezi Julai, baada ya mkutano mkubwa wa hadhara mjini, Thuku alipeleka simu ya maandishi moja kwa moja London, bila kupitia kwa gavana. Ilitaja kipande, kodi, kazi za kulazimishwa na haki ya kupiga kura, ikaongeza kwamba Wahindi hawakuwa maadui wa Waafrika. Serikali ilighadhibika. Walowezi, waliokuwa katika mvutano mkali na Wahindi juu ya haki za koloni, walighadhibika zaidi. Machifu wa Kikuyu Association nao walisema hadharani kwamba kijana huyo hakutumwa na mtu. Hapo pana jambo ambalo wasifu nyingi hulipita haraka. Machifu hawakuwa vibaraka tu. Walikuwa na malalamiko yaleyale, na wengi wao waliyataja Dagoretti mbele ya maafisa. Kilichowaudhi ni kwamba mtu asiye na cheo, karani wa simu, alikuwa amewaruka.

Thuku aliambiwa achague baina ya siasa na kazi ya Hazina. Alichagua siasa, akapoteza kazi. Tangu hapo alizunguka Kiambu na Fort Hall, ambayo leo ni Murang'a, akihutubia umati uliozidi kuwa mkubwa. Aliandikiana na Young Baganda Association ya Uganda, na hata na chuo cha Tuskegee huko Marekani. Mapema mwaka 1922 alianza kutoa wazo lililowatia serikali hofu kuliko yote: watu wavikusanye vipande vyao, wavipakie kwenye lori, wakavimwage kwa gavana. Wazo hilo, ukilitazama kwa makini, halikuwa la hasira tu. Kabati lilifanya kazi kwa sababu kila karatasi iliyokuwa ndani ililingana na karatasi iliyokuwa shingoni mwa mtu. Zikirundikwa pamoja zile za nje, mwajiri hana pa kuandika wala pa kusoma, na polisi njiani hana cha kuuliza.

Lori halikuondoka. Tarehe 14 Machi 1922 Thuku alikamatwa na kutiwa katika kituo cha polisi. Wafanyakazi wa Nairobi waliacha kazi, na kufikia tarehe 16 umati wa maelfu ulikuwa umezunguka kituo hicho. Wajumbe waliingia kwa Charles Bowring, Katibu wa Koloni, wakarudi na ahadi kwamba Thuku angesikilizwa kwa haki, wakawasihi watu watawanyike. Wanaume walianza kuondoka. Ndipo Mary Muthoni Nyanjiru aliposimama mbele ya umati, akalivua vazi lake mbele ya wanaume hao na kuwataka wampe suruali zao yeye achukue nguo ya kike wao wavae. Wanawake walipiga vigelegele, umati ukageuka ukasogea kituoni. Askari walifyatua risasi. Walowezi waliokuwa katika baraza ya hoteli ya Norfolk nao wanatajwa kuwa walifyatua kutoka nyuma. Muthoni alikuwa miongoni mwa waliokufa.

Idadi ya waliouawa haijapata kukubaliwa na pande zote. Taarifa ya serikali ilitaja 21. Hesabu iliyotoka kwa watumishi wa chumba cha maiti ilikuwa 56, na simulizi nyingine hutaja zaidi ya 100. Serikali iliyoweza kumpata kibarua mmoja kwa mchoro wa kidole chake haikutoa orodha ambayo watu waliiamini ya wale iliowaua mchana kweupe, mbele ya hoteli. Kumhusu Muthoni yametufikia machache. Kwao kulikuwa Weithaga, wilaya ya Fort Hall, jina ambalo kwa mtafutaji asiye makini ni rahisi kuchanganywa na Waithaka ya Dagoretti, kwani tahajia za makarani wa enzi hiyo hazikuaminika. Sheria ya kipande iliwahusu wanaume tu. Mwanamke hakupewa nambari wala kikebe, na katika kabati la Nairobi hapakuwa na kijumba chake. Aliyemhifadhi ni wimbo wa wanawake ulioimbwa baada ya siku ile, na ambao wakoloni waliupiga marufuku.

Thuku hakushtakiwa mahakamani. Alihamishwa bila kesi hadi Kismayu, ambayo wakati huo ilikuwa bado chini ya Kenya, na baadaye, Jubaland ilipokabidhiwa Italia mwaka 1925, akapelekwa Marsabit. Kwa muda wa karibu miaka tisa alikaa mbali na kwao. Wakati huo kodi ilikwisha punguzwa hadi shilingi 12, punguzo la mishahara likalegezwa, bali kipande kiliendelea. Chama chake kilipigwa marufuku, na wafuasi wake, akiwemo Joseph Kang'ethe na Jesse Kariuki, wakaanzisha Kikuyu Central Association.

Aliachiliwa mwishoni mwa mwaka 1930 na kupokewa kwa shangwe. Mwaka 1932 alichaguliwa rais wa chama hicho kipya, lakini ugomvi wa uongozi ulizuka baina yake na wale waliokiendesha alipokuwa uhamishoni, na mwaka 1935 alijitenga akaunda Kikuyu Provincial Association, chama kilichoahidi utii kwa serikali. Miaka 9 baadaye, mwaka 1944, Kenya African Union ilipoanza, aliwekwa kuwa mwenyekiti wake wa kwanza, ila hakudumu. James Gichuru akachukua mahali pake. Mwaka 1952, hali ya hatari ilipotangazwa, Thuku alizungumza redioni akiwalaumu Mau Mau.

Hapo ndipo wasomaji wengi humwacha. Atafutaye Harry Thuku katika maandishi ya historia huwapata watu wawili wenye jina moja: mmoja wa mwaka 1922 na mmoja wa mwaka 1952, wa kwanza akisifiwa, wa pili akipitwa kimya kimya. Wapo wanaosema uhamisho ulimvunja. Wapo wanaosema hakubadilika, kwamba tangu mwanzo alikuwa mtu wa barua, ombi na mkutano wa hadhara, asiyeamini kiapo cha siri wala damu, na kwamba nchi ndiyo iliyobadilika. Maoni haya ya pili yana uzito zaidi. Simu ya mwaka 1921 ilikuwa ya heshima, ilitaka kusikilizwa. Hata lori la vipande lilikusudiwa kufika kwa gavana, si kumpindua. Lakini pia ni kweli kwamba kufikia mwaka 1952 watu wa Dagoretti na Kiambu walikuwa wamengoja majibu kwa miaka 30.

Kipande chenyewe kiliondolewa kwa sheria ya mwaka 1947 ya kuwasajili watu wa rangi zote. Inafaa kukumbukwa kwamba sehemu ya walowezi waliipinga sheria hiyo kwa nguvu, kwa kuwa iliwataka wao pia watie alama za vidole; kwao hilo lilikuwa jambo la kuwadhalilisha. Neno lilibaki. Hadi leo katika mitaa ya Nairobi mtu akienda kuchukua kitambulisho husema anaenda kuchukua kipande, na vijana wengi wanaolitumia hawajapata kukiona kikebe cha bati.

Thuku alimalizia maisha yake katika kilimo cha kahawa, zao ambalo Waafrika walikuwa wamezuiwa kulilima kwa muda mrefu, na mwaka 1959 akawa Mwafrika wa kwanza kuingia katika bodi ya Kenya Planters Coffee Union. Alifariki tarehe 14 Juni 1970. Mwaka huohuo Oxford University Press ilichapisha tawasifu yake, aliyoitayarisha kwa usaidizi wa mwanahistoria Kenneth King.